Almasi, Dhahabu na Harufu ya Samaki

Mtu wa kwanza kuuliza bei kwenye banda jipya la Swabir alikuwa mjomba wake, na shida zote zilianzia hapo.

Banda lilikuwa kando ya barabara kuu pale Mwabungo, mabati mapya juu, sakafu ya saruji chini, na mbele yake ubao mkubwa ulioandikwa na fundi wa Ukunda kwa rangi tatu. Ubao ulitangaza kwamba hapa magari hayaoshwi tu, hutunzwa. Chini yake zilipangwa huduma: Almasi, shilingi elfu sita, Dhahabu, elfu tatu na mia tano, Fedha, elfu moja na mia tano. Majina hayo Swabir aliyatoa kwenye kozi aliyoisomea Mombasa. Huko mwalimu wao, mtu wa tai na viatu vilivyochongoka, aliwafundisha kwamba mteja hanunui usafi, hununua hadhi. Swabir aliliamini neno hilo kama alivyoamini mambo mengi mazuri maishani, yaani lote, na bila kuliuliza swali.

Mjomba Abdurahman aliingia na pikapu yake ya kubebea nazi, iliyojaa makumbi na vumbi jekundu la shamba. Wakaamkiana vizuri, shikamoo na marahaba, habari za nyumbani na habari za wagonjwa. Kisha mzee akausoma ubao mzima kwa sauti, polepole, kama mtu anayewasomea wengine.

"Haya," akasema. "Sasa hii yangu mimi ni kiasi gani?"

Swabir alikuwa amejiandaa kwa swali hilo kwa miezi. Alikuwa amelijibu mbele ya kioo. Lakini kwenye kioo hakukuwa na mjomba.

"Aa, mjomba," akasema. "Si neno."

Angesema nini kingine? Mjomba ndiye aliyesimama kwenye posa yake. Mjomba ndiye atakayeitwa siku akikosana na mkewe. Kumtajia bei mtu kama huyo, tena usoni, ni kama kumwambia akae nje ya uzi wa ukoo. Basi pikapu ya nazi ikaoshwa, ikafyonzwa vumbi, ikapakwa nta juu ya kutu, kazi ya nusu siku. Mjomba akaomba dua ndefu, akaacha madafu mawili, akaondoka taratibu ili watu waione.

Nao wakaiona. Kufikia alasiri Mwabungo nzima ilijua kwamba bei za ubaoni ni za watu wengine. Akaja binamu. Akaja mwalimu wa madrasa. Akaja jirani aliyewahi kuwaazima toroli. Kila mmoja aliuliza bei kwa adabu, na Swabir akamjibu kwa adabu kwamba atoe atakachojaliwa. Watu walijaliwa kidogo. Na wale wasiomjua, waliokuwa wakipita na magari yao kwenda Msambweni, walipunguza mwendo, wakausoma ubao, wakaongeza mwendo.

Twaiba, mkewe, aliyatazama hayo kwa wiki tatu akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja juu ya mimba yake ya miezi mitano. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo laini, na mara nyingi ulimi ulitangulia.

"Almasi hajaja mtu," akasema siku moja. "Dhahabu hajaja mtu. Fedha, mtu mmoja, naye alikuwa amepotea njia. Kumbe huduma yenye wateja ni ile ambayo hukuiandika."

"Ipi hiyo?"

"Si Neno. Iandike basi, nayo tuipake rangi."

Swabir alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote wawili walijua kinachongoja. Kaka yake, Abubakar, alikuwa Doha mwaka wa pili sasa, akifanya kazi hiyo hiyo ya magari, na alikuwa amemtafutia nafasi. Wakala wa Mombasa aliitaka pasipoti ya Swabir Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Mtoto angezaliwa, angetambaa, angesema, angemwita mtu mwingine baba kwa makosa, na Swabir angeyaona yote kwenye simu.

Bi Mwanarusi, mama yao, aliyekuwa akiishi nao, alitaka aende. Abubakar ni msimamizi huko, alikuwa akiwaambia watu msibani na harusini, na picha anazo, amesimama kando ya magari yanayong'aa kama meno. Huko, alisema, mwenzio anahudumia watu wasiouliza bei. Twaiba hakutaka aende, na aliwaambia wazi. Baada ya maneno mengi na siku mbili za kununiana, wakakubaliana watatu: kama kufikia Ijumaa hiyo banda litakuwa limepata mteja mmoja wa kudumu, wa kutegemewa kila wiki, Swabir atabaki. La sivyo, pasipoti itaenda.

Mmoja tu. Swabir aliona ni jambo jepesi. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

* * *

Bi Mishi alikuja na probox nyeupe ambayo ilitangulia kunuka kabla haijafika. Alikuwa akinunua samaki Funzi na kuwauza Ukunda na kwenye hoteli za Diani, mama mnene wa sauti ya sokoni, na hakushuka. Alishusha kioo tu, naye Swabir akarudi nyuma hatua moja bila kutaka.

Swabir akamkaribisha, akamweleza habari za Dhahabu. Alimweleza nta ya tabaka mbili. Alimweleza jinsi magurudumu yatakavyopakwa dawa ya kung'aa. Alikuwa anaingia kwenye taa za mbele Bi Mishi alipomkatiza.

"Mwanangu, samaki hawajitazami kwenye rangi ya gari. Mimi nataka harufu itoke."

Swabir akageuka kuutazama ubao, kana kwamba harufu ingeweza kuwa imejificha mahali. Haikuwepo.

Bi Mishi akaeleza shida yake. Gari hilo siku za kazi hubeba samaki, na siku za harusi hubeba bibi harusi, maana katika ukoo wao ndilo gari lililopo. Mara ya mwisho lilimpeleka mpwa wake Tiwi, na watu wa upande wa bwana harusi wakamvuta kando somo aliyemsindikiza bibi harusi, wakamuuliza kwa heshima kama amewaletea mke au amewaletea samaki changu. Jumamosi hii lilikuwa linambeba binti yake mwenyewe. Alipofika hapo sauti ya sokoni ikapungua, akawa mama tu.

"Sitaki mwanangu achekwe," akasema.

Walianza na shampuu ya kozi, ile ya chupa ya bluu. Baada ya saa nzima Twaiba akaingiza kichwa ndani ya gari, akavuta pumzi.

"Samaki ameoga," akatangaza. "Lakini ni yule yule."

Basi wakang'oa viti. Wakang'oa zulia. Chini kabisa, mahali pa gurudumu la akiba, wakakuta maji ya barafu ya samaki yaliyokuwa yamejikusanya tangu enzi zisizojulikana, mazito, yakiwatazama. Swabir akatoka nje kidogo, akarudi. Wakayachota, wakasugua bati kwa siki na ndimu, wakaanika viti na zulia juani siku nzima huku wakifukuza paka wa mtaa mzima, wakaweka vipande vya makaa kwenye pembe za gari vinyonye kilichobaki. Hayo yote hayakufundishwa Mombasa. Waliyabuni wawili, mmoja akikumbuka jinsi nyanya yake alivyosafisha chungu, mwingine akikumbuka alivyokuwa akiondoa uvundo kwenye mashuka ya hoteli alikofanya kazi zamani, na walikuwa na furaha kwa namna ambayo hawakuwa nayo tangu ubao ulipowekwa.

Bi Mwanarusi alikuwa amekaa mbali, akijifanya hatazami. Walipomaliza akanyanyuka, akaja, akanusa. Akasema gari halinuki samaki tena, kweli, lakini linanuka ndimu kama sahani, na mtu hapelekwi kuolewa ndani ya sahani. Akaingia nyumbani, akarudi na chetezo chake cha udongo, makaa mekundu ndani na udi juu, akakiweka kwenye sakafu ya gari na kufunga milango. Moshi ukajaa mpaka vioo vikawa vyeupe.

Bi Mishi alipokuja kulichukua gari, aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa. Alikaa kitambo. Waliokuwa nje walimwona kupitia kioo akijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Nakupa ngapi?" akauliza aliposhuka.

Swabir akafungua mdomo, na Twaiba akaliona neno likija, akaliona waziwazi, likiwa na a mbili na mkono wa kupunga.

"Elfu moja na mia mbili, Bi Mishi," akasema yeye.

Bi Mishi akahesabu pesa, akaongeza mia mbili za mama mwenye udi, akaenda zake akipiga honi. Swabir alibaki na aibu kiasi cha saa mbili. Iliisha aliponunua unga wa ngano, sukari na nyama kwa mpigo mmoja.

* * *

Sasa Swabir alikuwa amepata fikra, na fikra ilipompata Swabir ilimpata yote. Kama udi ulimliza Bi Mishi, basi udi ndio siri. Akamwita fundi wa ubao, akaongeza mstari chini kabisa: Kila gari hufukizwa udi, bure. Twaiba alisema labda si kila mtu anataka. Swabir akamuuliza kwa mshangao wa kweli, nani asiyetaka kunukia?

Jumapili hiyo Twaiba alifanya jambo lake. Alifunga mtandio, akaenda hadi shambani kwa mjomba Abdurahman, na baada ya salamu akamwambia kwamba kisima cha Mwabungo kina chumvi, na maji yake yakikauka juu ya gari jeusi huacha madoa meupe. Kisima cha mjomba kina maji matamu. Je, mjomba angependa awaletee mapipa mawili kila wiki kwa pikapu, nao wamwoshee pikapu?

Mzee alimtazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akasema tangu siku ile hakupita tena mbele ya banda mchana. Alikuwa akizunguka kwa njia ya ndani, kwa aibu ya kuoshewa bure, akingoja mtu amwambie chochote. "Nilimuuliza bei kwa moyo mmoja," akasema. "Yeye akanipa deni la kubeba. Mapipa mawili tu? Nitaleta matatu."

Maji matamu yalifika Jumatatu asubuhi, na Jumatatu mchana ikafika prado nyeusi.

Aliyeiendesha aliitwa Beryl, meneja wa nyumba za wageni kule Galu, mwanamke wa Kisumu aliyehamia pwani kwa kazi, mwenye haraka na simu mbili. Samaki wa wageni wake waliletwa na Bi Mishi, na Bi Mishi alikuwa hajanyamaza tangu harusi. Beryl alisema ana magari manne ya kubeba wageni. Angeanza na hili lake mwenyewe, na likimpendeza, yale manne yatakuja kila wiki.

Swabir alimsikia akisema kila wiki, na masikio yake yakafunga kazi. Akamweleza Almasi. Beryl alitaka kusema jambo kuhusu yale magari ya wageni, alianza na neno mchanga, lakini Swabir alikuwa ameshafika tabaka la pili la nta. Beryl akatazama saa, akamwachia ufunguo.

Hakuna gari lililopata kutunzwa hivyo kusini mwa kivuko cha Likoni. Swabir aling'arisha mpaka akawa anajiona akitabasamu kwenye mlango. Twaiba alipitisha brashi ya meno katika matundu ya redio. Na kwa kuwa huyu alikuwa mgeni wa kuheshimiwa, na kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu, walimwomba mama achague udi wake mzuri, ule uliopikwa kwa ajili ya siku kubwa. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma, wakakiweka chetezo chini yake ili moshi upande vizuri, wakafunga. Kisha ikaadhiniwa alasiri. Swabir akaenda msikitini akijua Twaiba atakitoa. Twaiba akaingia ndani kuswali akijua Swabir ameshakitoa. Beryl alikuja mapema, akalipa elfu sita bila kupepesa, akasema gari linanukia kama duka la dhahabu, na atapiga simu.

Hakupiga simu.

* * *

Alikuja mwenyewe kesho yake, saa ambayo kibanda cha chai cha jirani kilikuwa kimejaa. Hakusalimu. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa kitu alichokishika kwa karatasi ya kupangusia, mkono ukiwa mbali na mwili, akakiweka mezani mbele ya Swabir. Kilikuwa chetezo, na ndani yake majivu na kipande cheusi kilichoungua.

"Hii kitu ilikuwa chini ya kiti yangu," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Akaeleza, na kibanda cha chai kikanyamaza ili kisikie vizuri. Jana jioni aliwapa lifti akina mama wanne wa kanisani. Kwenye matuta ya Diani kitu hicho kikabingirika kutoka gizani, kikasimama katikati ya miguu yao na kuwamwagia majivu. Mmoja alipiga kelele, mwingine akataka kuruka gari likienda. Wakaegesha kwenye kituo cha mafuta, wakaliombea gari mbele ya watu wote, ndani na nje, na mama mchungaji akamimina chupa nzima ya mafuta ya upako juu ya kiti.

"Mimi niliwalipa," Beryl akasema. "Sikulia bei. Mliniwekea uganga kwa nini? Niliwakosea wapi?"

Mtu mmoja kibandani akaguna. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ya chini vya kutosha, kwamba biashara ya siku hizi haiendi hivi hivi. Swabir alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani haikutoka hata si neno. Twaiba alisimama kando yake, akamshika ukingo wa shati, akaona Doha ikiwasogelea kama basi lisilo na breki.

Bi Mwanarusi akatoka nyumbani kwa mwendo wake wa siku zote. Akaenda moja kwa moja mezani.

"Alhamdulillahi," akasema, akikiokota chetezo na kukifuta kwa kanga. "Nakitafuta tangu jana. Karibu, mwanangu. Hujakaa? Twaiba, mgeni hajakaa."

Beryl akamtazama. "Hiyo ni yako?"

"Ni changu. Cha mama yangu kabla yangu. Tunachomea udi. Nguo tunafukiza, nyumba tunafukiza, mtoto akizaliwa tunamfukizia. Huku kwetu mgeni tukimpenda tunamfukizia."

"Na msipompenda?"

Bi Mwanarusi akafikiri. "Basi hatumfukizii," akasema. "Tunamwacha aende na harufu yake."

Kibanda cha chai kiliangua kicheko. Beryl alijizuia, akauma mdomo, akatazama pembeni kuelekea barabarani, lakini mabega yalishaanza kumsaliti. Alicheka vibaya, kwa mkoromo, kama mtu aliyelala na hofu usiku mzima kisha akaambiwa aiweke chini. Kisha akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, akaomba maji ya kunywa.

Ndipo wakaenda pamoja kukiona kiti. Doa la mafuta lilikuwa kubwa kama chapati, na Beryl akauliza, sasa kwa haya kidogo, kama mafuta ya maombi hutoka.

"Mafuta ni mafuta, madamu," Twaiba akamjibu. "Yatatoka. Maombi yatabaki."

Swabir alimwomba radhi. Hakumweleza mwalimu wake alisema nini, wala mteja hununua nini. Alisema tu kwamba walisahau, na kabla ya kusahau walikuwa hawajamuuliza, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Kisha akauliza swali ambalo, ukihesabu tangu banda lifunguliwe, hakuwa amemuuliza mteja yeyote.

"Madamu, hayo magari ya wageni yanakusumbua nini?"

Beryl akamtazama kana kwamba alikuwa akingoja swali hilo tangu ahamie pwani. Mchanga, akasema. Mchanga kila mahali. Wageni hutoka baharini na nguo mbichi, wanakaa juu ya viti, viti vinavunda. Mchanga huingia kwenye reli za milango ya kuteleza, milango inakwama, na wiki iliyopita mzee mmoja alilazimika kutokea dirishani. Wengine wana pumu, kwa hiyo marashi hapana, udi hapana, harufu yoyote hapana. Magari yangeweza kuja wageni wanapokula chakula cha mchana, saa nane hadi saa kumi, lazima yawe makavu. Na nta?

"Nta ya nini?" akasema Beryl. "Nani anaangalia nje? Wote wanaangalia bahari."

Swabir aliimeza nta yake kimya kimya. Akaanza kufikiri kwa sauti: brashi nyembamba za reli, mashine ya kufyonza maji, vifuniko vya viti viwili viwili ili kimoja kikianikwa kingine kitumike. Beryl alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila kimoja. Kisha akauliza kila gari litakuwa pesa ngapi.

Kibanda cha chai kilikuwa kimegeuza viti. Kulikuwa na binamu pale, kulikuwa na mwalimu wa madrasa, na wote walilijua jibu lake. Swabir naye alilihisi likipanda kooni, laini, la adabu, la watu wema: utakachoona wewe, madamu. Alimtazama Twaiba. Twaiba hakumtangulia safari hii. Aliangalia chini, mkono juu ya tumbo, akamwachia.

"Elfu moja na mia tatu," Swabir akasema. Sauti ilikwaruza. Akairudia. "Elfu moja na mia tatu kila gari, mara mbili kwa wiki."

"Elfu moja."

"Elfu moja siwezi." Alishangaa kuona kwamba bado amesimama, na mbingu nazo zipo. "Mchanga wa Galu mnaujua wenyewe. Elfu moja na mia mbili, na mafuta ya maombi nitayatoa bure."

Beryl akafikiri, akautoa mkono wake, wakapeana. "Na hiyo kitu ya mama isipande gari tena," akasema.

"Haitapanda," Bi Mwanarusi akamhakikishia. "Nami sitaki kipotee."

* * *

Ijumaa, baada ya sala, walikaa mkekani kula wali wa nazi na kisamvu. Magari mawili ya Galu yalikuwa yamekuja Alhamisi na kuondoka makavu. Pasipoti ilikuwa kabatini, na hakuna aliyeitaja. Bi Mwanarusi alishika ahadi yake, lakini alikula kidogo, kama mtu anayeheshimu mapatano bila kuyapenda. Alisema jambo moja tu: kwamba Abubakar alihangaika kuipata ile nafasi, na ni adabu aambiwe leo, na aambiwe na Swabir mwenyewe.

Swabir akapiga, akaiweka simu katikati ya sahani ili wote wasikie. Abubakar aliitika haraka, sauti ikirudi kwa mwangwi kama aliye ndani ya pango. Baada ya salamu Swabir akamwambia. Alimweleza Galu, mchanga, bei, mara mbili kwa wiki. Alimwambia kwamba hatakuja, na kwamba anamshukuru, na amsamehe.

Bi Mwanarusi alijiweka sawa, akingoja mwanawe mkubwa aseme yale ambayo yeye alikuwa amekubali kutoyasema.

"Mnatumia maji?" Abubakar akauliza.

Swabir akasema ndiyo, maji matamu, mapipa matatu kila wiki, mjomba huyaleta.

"Mapipa matatu," Abubakar akarudia polepole. Akasema yeye yuko chini ya jengo, kwenye maegesho, orofa ya tatu kwenda chini. Huko hawatumii maji. Kila mtu hupewa chupa moja ya dawa na vitambaa, anasimama kando ya nguzo, magari yanakuja. Msimamizi wao huwapiga picha kila mwezi. Akacheka kidogo. Akasema hajasikia povu likimiminika siku nyingi.

Hakuna aliyekuwa akila.

"Swabir," sauti ikaendelea, sasa ya chini, ya mtu anayetazama kama kuna anayemsikiliza. "Kazi ikikuzidi hapo, usimchukue mtu kabla hujaniambia mimi."

Twaiba aliinamisha uso. Bi Mwanarusi, ambaye watu wa Mwabungo wote walimjua kuwa mama wa msimamizi, alipangusa vidole vyake kimoja kimoja, akainyanyua simu na kuileta karibu na mdomo.

"Abubakar."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi wa nane, inshallah."

"Basi mwezi wa nane," akasema. Akairudisha simu mahali pake, katikati ya sahani, na akasogea kidogo mkekani, kama mtu anayempisha mwenzake akae.